Kumfuata Bi Kaniki: siku sita kutoka Chimala hadi Isyonje

Nilirudi Iringa Jumapili usiku, na wiki nzima imepita nikipanga picha na kusoma mwandiko wangu kwenye daftari lililolowa umande. Sasa naandika siku kwa siku, kama ilivyokwenda.

Kwanza niwaeleze nilikuwa namfuata nani. Septemba 2024 nilipanda uwanda wa Kitulo, huku nyanda za juu kusini, kwa mara ya kwanza nikitafuta maua. Sikuyakuta, maana maua ya Kitulo ni ya msimu wa mvua, na Septemba nyasi ni kavu, kwingine zimeungua. Nilichokuta ni vipanga. Nawasema wale wakubwa wenye tumbo jeupe, mgongo mweusi na mkia wa rangi ya kutu, wanaokaa juu ya nguzo za umeme huku kwetu nyanda za juu. Wengi humwita mwewe tu, kama wanavyomwita kila ndege anayekula nyama. Jina lake la kitaalamu ni Buteo augur. Wapo walio weusi tii kuanzia kooni hadi miguuni, wakabaki na weupe chini ya mabawa tu, na mweusi na mweupe huoana bila shida yoyote.

Mwaka ule nilipiga picha jozi mbili zinazopakana juu ya mji mdogo wa Matamba, nikazipa majina. Jozi ya kwanza ni Bi Kaniki, jike jeusi, na mumewe Kanzu, mweupe pe. Jozi ya pili ni Mkufu, jike jeupe lenye utepe mweusi kooni, na mumewe Kidoti. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na sendofu, na siku nzima najifunza sura za watu nisiowajua ili jioni nisimkose shangazi wa bwana harusi. Nilipofika nyumbani na kuzikuza zile picha, niliona ndege nao wana sura. Mwaka mzima nilikuwa na swali moja: nikirudi, nitawakuta walewale?

Siku ya kwanza, Jumanne 9 Septemba 2025: Iringa – Chimala – Matamba

Basi lilitakiwa kuondoka stendi ya Igumbilo saa 12 asubuhi, likaondoka saa 1 na nusu. Nauli hadi Chimala ilikuwa shilingi 18,000. Mafinga tulipita vizuri, Makambako tukanywa chai, na mbele kidogo mkanda wa injini ukakatika. Tulikaa kando ya barabara kuu ya Zambia zaidi ya saa mbili, malori yakipita na kututikisa. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka kapu la viazi kwa binti yake Igawa alilifungua, akatugawia viazi vya kuchemsha watu kama kumi, na chumvi ikapita mkono kwa mkono kwenye kipande cha karatasi. Nilimwambia, "Mama, hivi si vya binti yako?" Akanijibu, "Binti yangu naye kuna siku atalala njiani."

Chimala nilifika saa 9 alasiri. Pale ukale wali. Mchele ni wa Usangu, unalimwa hapo hapo chini ya mlima, na sahani ya wali maharage na mchicha ilikuwa 2,500. Gari la Matamba ni Noah na haliondoki mpaka lijae. Lilijaa saa 10 na nusu. Nauli 6,000.

Barabara ya Chimala kwenda Matamba watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Unaanza kwenye joto la bonde, na kila kona unaongeza nguo. Mzee mmoja alinipisha dirishani alipoona kamera, akaenda kubanana katikati na magunia. Kwa ajili yake nilimwona kipanga wa kwanza wa safari. Upepo unapogonga ukuta wa mlima unapanda juu, na ndege alikuwa ameuegemea, amesimama hewani bila kupiga bawa, usawa wa macho yetu. Mara nyingi kipanga tunamtazama kwa chini. Hapa nilimwona mgongo: mweusi, na kwenye bawa manyoya ya kijivu yenye mistari myeusi, kama ubao ulioandikwa kwa chaki ukafutwa vibaya. Dereva alipunguza mwendo bila kuombwa.

Matamba tuliingia giza. Chumba 15,000, na ndoo ya maji ya moto ni bure. Nililala na betri za kamera ndani ya soksi, chini ya blanketi.

*Kwa anayekwenda:* Baridi ya Matamba usiku wa Septemba si ya utani. Chukua sweta mbili na soksi nzito. Betri ya kamera ikipoa hupungua chaji haraka, kwa hiyo asubuhi iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na usiharakie kutoka alfajiri kwa ajili ya vipanga. Wanangoja jua lipashe ardhi ndipo wapande, kwa hiyo saa 3 hadi saa 5 asubuhi ndiyo saa yao.

Siku ya pili, Jumatano 10 Septemba: nguzo za juu ya Matamba

Nilipatana na kijana wa bodaboda kwa 35,000 siku nzima, mafuta juu yake. Ni mpole na hana haraka, na ana macho makali kuliko darubini yangu. Nilimwonyesha picha za mwaka jana, akasema, "Dada, hao tunawapita kila siku, ila sijawahi kuuliza kama ni haohao."

Niliihesabu njia kwa nguzo, kama mwaka jana. Nguzo ya kwanza ni ile inayofuata mstari mwembamba wa mikaratusi ukiacha nyumba za mwisho, na kutoka hapo naandika namba kwenye daftari. Himaya ya Kaniki na Kanzu mwaka jana ilianza karibu na nguzo ya 9 na kuishia ya 31, ikashuka bondeni hadi kijito. Kuanzia ya 31 kwenda juu ni kwa Mkufu.

Saa 3 na dakika 20, juu ya nguzo ya 17, palikuwa na ndege mweusi tii, mgongo kwetu, mkia mwekundu unang'aa kwenye jua. Moyo uliruka. Niliandika kwa herufi kubwa: KANIKI YUPO. Dakika chache baadaye akaja ndege mweupe, mdogo kidogo kuliko yeye, akatua nguzo ya pili yake. Kwa vipanga mke ndiye mkubwa, kwa hiyo mweusi alikuwa jike na mweupe dume. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Shida ilianzia kwa Kanzu. Daftari la 2024 lilisema: "Madoa mawili madogo, ubavu wa kushoto, kama matone ya chai." Huyu aliyepita juu yangu alikuwa na matone mawili ubavu wa kulia. Nilikaa kwenye jiwe nikihisi nimepoteza ndege kabla ya kumpata. Kijana akaniuliza, "Kushoto kwako au kwake?" Nilifungua picha ya mwaka jana kwenye simu. Ndege alikuwa anakuja kwangu, na mimi niliandika upande wa mkono wangu. Madoa yalikuwa kulia kwake tangu mwanzo. Kanzu alikuwa Kanzu.

*Kwa anayekwenda:* Andika upande wa ndege, si wako. Ndege akija kwako, kushoto kwake ni kulia kwako. Akienda zake, kushoto ni kushoto. Na ukimpiga picha juu angani, kamera itamfanya mweusi wote kwa sababu anga inang'aa, kwa hiyo ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu. Tumbo na ndani ya mabawa ndiko kuna kitambulisho. Picha yenye anga nzuri na tumbo la kivuli haikusaidii kitu.

Niseme na ninachokiangalia. Kooni kwanza: madume meupe mengi yana koo safi, majike meupe mengi yana weusi chini ya koo, na umbo la weusi ule hutofautiana ndege kwa ndege. Kisha kifua, madoa mangapi na yamekaa wapi. Kisha mkia: wengine mwekundu mtupu, wengine wana utepe mwembamba mweusi karibu na ncha, mzima au uliokatika. Mwisho mabawa: unyoya gani haupo, upi umevunjika, upi unaota. Pengo bawani ni kitambulisho kizuri sana kwa wiki kadhaa. Kwa mwaka mzima halifai kitu, maana manyoya hupukutika na kuota mengine. Ndege mchanga usijichoshe kumwandikia alama. Mara nyingi ana mgongo wa kahawia, tumbo la rangi ya maziwa na mkia wenye mistari, na akikua anabadilika wote.

Mchana tulikula ugali, maharage na kabichi kwa 2,000. Alasiri ukungu ulishuka, tukarudi.

Usiku, mezani kwa mama mwenye nyumba ya wageni, nilifungua kompyuta nikaweka picha mbili sambamba: Kaniki wa 2024 na mweusi wa leo. Wa 2024 alikuwa na vinyoya vyeupe vitatu vinne upande wa kushoto wa kifua, kama majivu yaliyodondoka kwenye kaniki. Wa leo kifua cheusi chote. Wa 2024 mkiani alikuwa na utepe mweusi uliokatika katikati. Wa leo utepe mzima, kutoka pembe hadi pembe. Nilijiambia manyoya yamepukutika, mapya yameota tofauti, na hilo linawezekana kabisa. Lakini sikulala vizuri.

Siku ya tatu, Alhamisi 11 Septemba: kwa bibi

Karibu na nguzo ya 20 kuna nyumba moja ya tofali, na mbele yake shamba la viazi lililovunwa. Bibi alikuwa anachambua mbegu kwenye turubai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaongeza "kamwene" ya kwetu Uheheni. Alicheka, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Kumbe umetoka jirani tu. Ingia jikoni mwanangu, huku nje upepo utakula masikio."

Jikoni palikuwa na moto wa kuni na birika la chai ya maziwa. Nilikunywa vikombe viwili kabla hata sijasema kilichonileta. Kisha nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera picha ya mweusi wa jana.

"Huyu mgeni," alisema.

"Mgeni kivipi, bibi? Si yule mweusi wa mwaka jana?"

"Mwenyewe wa mwaka jana alikuwa hakai kwenye nguzo. Alikuwa na mti wake, ule mkavu pale bondeni. Asubuhi yupo mtini, jioni yupo mtini. Nguzo ni za mumewe. Huyu mti hautaki kabisa. Halafu yule wa kwanza jembe alikuwa haliogopi. Nikilima anashuka pale kwenye tuta, anangoja fuko. Huyu nikinyanyuka tu, kaondoka."

Nilichukua simu nikapitia picha zote za Kaniki za 2024. Zilikuwa kumi na nne. Kumi na moja alikuwa juu ya mti mkavu, tatu alikuwa angani. Kwenye nguzo hakuna hata moja. Nguzo zote zilikuwa za Kanzu. Mwaka mzima nimezitazama picha zile nikihesabu vinyoya vya kifua, na sikuwahi kutazama amekaa juu ya nini.

Nilimuuliza mgeni alikuja lini. "Mwezi wa tatu, viazi vina maua. Yule wa kwanza alipotea kabla. Mume akabaki peke yake kama wiki mbili hivi, analia kutwa nzima, anazunguka juu hapa mpaka nikamwonea huruma. Siku moja nikaona wako wawili tena." Kama kuna aliyeona mzoga? Hakuna. Alisema tu kwamba mashamba ya chini watu walikuwa wametega dawa ya panya msimu ule, na akanyamaza. Panya aliyekula sumu huzubaa, na kipanga huokota kilicho rahisi kukamata. Siwezi kuandika kwamba ndicho kilichotokea. Naandika tu kwamba bibi alinyamaza hapo.

Kisha aliinuka, akafika juu ya mlango, akachomoa kitu kwenye fito. Ulikuwa unyoya wa mkia. Aliuokota chini ya mti mkavu mwaka jana, akauchomeka pale kwa sababu rangi yake ilimpendeza.

Nilienda nao mlangoni kwenye mwanga. Urefu wake ni kama shibiri moja. Rangi ya kutu iliyoiva, ikipauka kuelekea shinani, na moshi wa jikoni umeipaka ukungu mwembamba ambao nilipoupuliza haukutoka. Karibu na ncha kuna utepe mweusi wa upana wa njiti ya kiberiti. Unaanzia pembeni, unakuja hadi kwenye mshipa wa kati, unakoma. Upande wa pili hakuna weusi wowote, nyekundu tupu hadi ncha. Nilikuza picha ya 2024 aliyofungua mkia kama upepeo wa mkeka. Unyoya wa pili kutoka katikati, upande wa kulia: utepe unaingia kutoka nje, unafika mshipani, unakoma. Niliushika unyoya mkononi na kuutazama kwenye simu kwa wakati mmoja, huku bibi akichungulia begani kwangu.

"Ndiye?" akauliza.

"Ndiye, bibi."

Shina lake lilikuwa safi, limefungika, halina jeraha wala mkato.  Yaelekea ulipukutika wenyewe, na siku ulipoanguka Kaniki bado alikuwa mzima. Nilifurahi kwa hilo.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la Jumatano. Himaya ilikuwa ileile, mume yuleyule, rangi ileile, na mimi nikaandika jina. Eneo zuri halikai wazi: mmoja akitoweka, mwingine asiye na kwake anaingia, na ukitazama kwa mbali unaona jozi ileile imedumu miaka na miaka. Alama za kifua na mkia zilinionya, lakini nazo ningeweza kuzisingizia kupukutika kwa manyoya. Mti mkavu na woga wa jembe ndivyo vilivyofunga shauri, na hivyo anavijua mtu anayeamka hapo kila siku. Kando ya Ziwa Naivasha, Kenya, watafiti wamewafuatilia ndege hawa tangu miaka ya 1990, na wamewavisha pete miguuni za kuwatofautisha. Juu ya Matamba kuna bibi.

Unyoya niliupiga picha, nikamrudishia. Manyoya ya ndege wa porini ni nyara za serikali, usibebe hata moja bila kibali, hata ukipewa kwa upendo. Bibi hakunidai chochote. Aliniomba tu picha iliyochapwa, "ya karatasi, siyo ya simu."

Siku ya nne, Ijumaa 12 Septemba: mpakani, nguzo ya 31

Siku hii niliitenga kwa majirani. Mpaka wa vipanga huoni alama yake chini, unauona angani. Saa 4 hivi Kanzu alipanda akizunguka, akafika juu ya nguzo ya 30, na kutoka upande wa juu akaja Kidoti. Walipandiana, miguu imening'inia, wakibweka ile sauti yao kavu ya "kao, kao, kao", kisha kila mmoja akageuka kama aliyefika ukutani. Walirudia mara tatu asubuhi ile, na mara tatu zote waligeuka kati ya nguzo ya 30 na ya 32. Mwaka jana niliandika 31.

Mkufu alitua karibu mno, mita 25 au pungufu, juu ya kichuguu. Utepe wa kooni ni uleule: mpana kulia, unabanwa katikati kama mkufu uliosokotwa, kushoto unaishia na tone moja linalodondokea kifuani. Niliweka picha ya mwaka jana kando. Tone lipo. Nilimwita kwa jina kwa sauti ya chini, na kijana wa bodaboda naye akamwita.

Karibu saa 6 Kidoti alishuka kwenye shamba lililolimwa, akatulia, akatembea hatua mbili za kuyumba, akaruka na fuko mkononi. Wanaume waliokuwa wanapakia viazi walishangilia. Fuko mmoja anaharibu viazi vingi, na mmoja wao alisema kuanzia leo mtoto wake hatampiga tena kipanga manati. Nami nilimwambia ukweli: kifaranga akiachwa peke yake uwanjani naye huchukuliwa. Alisema banda la vifaranga analijenga mwenyewe, fuko hawezi kumjengea banda.

Siku ya tano, Jumamosi 13 Septemba: Kitulo hadi Isyonje

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba karibu 413, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Uwanda wake uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Makao makuu yapo Matamba, nililipia hapo. *Malipo ni kwa kontroo namba, si taslimu, kwa hiyo hakikisha salio lipo kwenye simu kabla hujapanda, mtandao unasumbua.* Mtanzania aende na kitambulisho.

Uwandani niliona vipanga watatu nisiowajua, mmoja mweusi. Nilimkimbilia kwa darubini, mnaweza kujua kwa nini. Alikuwa dume, mdogo, mkia mwekundu mtupu. Nikamwandika hivyo. Tandawala wawili, wale ndege wakubwa wa nyikani wenye miguu mirefu, walitembea kwenye nyasi zilizoungua, wametulia kama wazee wanaotoka msikitini. Mbayuwayu bluu, ambao huja kuzaa huku kipindi cha mvua, sikuona hata mmoja.

Gari la kushukia Isyonje sikupata. Nilikaa njiani kwa muda wa saa tatu na begi. Hatimaye fuso la viazi likasimama, limebeba lumbesa hadi juu ya kichwa cha dereva. Utingo alihamia juu ya magunia ili nikae mbele. Kikondo walisimama kula, wakanikatalia kulipa: kande na chai, wote watatu. Isyonje nilipotoa 10,000 dereva aliirudisha mfukoni mwangu akasema, "Dada, piga picha fuso langu, inatosha." Nilipiga, likiwa na vumbi lake na jua la jioni, na ni picha nzuri kweli. Coaster hadi Uyole 2,000, chumba Uyole 20,000.

Siku ya sita, Jumapili 14 Septemba: Uyole – Iringa

Basi, usingizi, ndizi za kuchoma Makambako. Saa 2 usiku nyumbani.

Jumatatu iliyofuata nilichapa picha mbili za ukubwa wa A4: Kanzu na mgeni wake juu ya nguzo ya 17 na 18, na bibi mwenyewe mlangoni. Nikazifunga kwenye kadibodi, zikaenda na basi hadi Chimala, zikapanda Noah, na kijana wa bodaboda akazipeleka. Gharama yote 7,000.

Jana jioni bibi alinipigia kwa simu ya mjukuu wake. Alishukuru sana, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua huku. Kisha akasema, "Mwanangu, hii ya wageni nimeipenda, nimeiweka sebuleni. Lakini yule mwenyewe wa mti mkavu mbona hukumleta?"

Picha ya Kaniki nimeichapa leo asubuhi, ile aliyofungua mkia. Inaondoka na basi la kesho.